Taa Iliyochelewa Dakika Arobaini

Usiku huu fikra zimeng'ang'ania taa moja. Si taa ya kweli. Ni ya hadithi ambayo bado haijaandikwa. Iko chumba cha juu, nyumba ya jirani, na kila siku inawaka saa 1:30 usiku na kuzimika saa 4:30. Jirani mwenyewe ni mtu mpole, mwenye salamu ndefu. Amekwisha kusema mara mbili kwamba mkewe anaumwa, hatoki, na kwamba jioni hujisomea kitandani hadi usingizi umchukue. Kisha siku moja mchana umeme unakatika kwa dakika 40. Jioni hiyo taa inawaka saa 2:10. Kesho yake saa 2:10. Keshokutwa vivyo hivyo.

Mgonjwa hasogezi usomaji wake kwa dakika zile zile ambazo umeme haukuwepo. Kinachosogea hivyo ni swichi ya taima ya kizamani, ile yenye gurudumu linalozungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika gurudumu linasimama; ukirudi linaendelea pale pale lilipoachia, na tangu hapo liko nyuma mpaka mtu alisogeze kwa mkono. Hakuna aliyelisogeza. (Taima za kielektroniki zenye betri ndani hazichelewi namna hiyo, kwa hiyo mwandishi achague ile ya gurudumu, na aitaje mapema mahali pasipo na maana yoyote, tuseme kwenye kisanduku cha vikorokoro nyumbani kwa mtazamaji, yaani mhusika anayeiona taa hiyo kutoka ng'ambo.)

Napenda taa hii kwa sababu haina ajabu. Hadithi nyingi za taharuki kuhusu majirani hukwama hapo. Mwandishi anataka tumshuku jirani, basi anampa kila dalili ya mtu wa kushukiwa: anahamia usiku, havui koti, anachimba bustani saa 8 za usiku, mbwa wakimwona wanabweka. Ikifika sura ya tatu msomaji amebakiwa na njia mbili tu. Ama jirani ndiye, na hakuna jipya la kusubiri, ama siye, na tumezungushwa bure. Ajabu ni mtaji unaokwisha haraka.

Kinachodumu ni kutopatana. Taa peke yake si ushahidi, na maneno ya jirani peke yake si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kufunga taima, mtu yeyote anaweza kuwa na mke mgonjwa. Vikikaa pamoja ndipo kimojawapo kinakuwa uongo. Waliosema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake waliutengeneza mtambo mzima wa riwaya hizi bila kukusudia: mtazamaji hatalala humo, hana ruhusa ya kuingia, anachoruhusiwa ni maneno ya mlangoni na mwanga wa dirishani. Kazi yote ni kuviweka hivyo viwili vigombane.

Kwa hiyo anayetaka kuandika asianze na mtazamaji. Aandike kwanza shajara ya jirani, saa kwa saa, kuanzia siku tatu kabla ya tendo hadi siku ambayo hadithi inafunguka. Alinunua nini, alimwambia nani uongo gani, alilala wapi, alisahau nini. Kurasa nne au tano zinatosha, na hakuna hata moja itakayochapishwa. Pembeni yake aandike safu ya pili: katika hayo yote, yapi yangeweza kuonekana kutoka ng'ambo. Ni machache mno, na uchache huo ndio hadithi. Wanaofanya kinyume, wanaobuni dalili kwanza halafu kuzitafutia sababu sura ya mwisho, hujikuta jirani anakiri kwa kurasa kumi, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuunganisha vitu ambavyo havikuwahi kuwa na uhusiano.

Kila dalili ipite kwenye mistari mitatu: kilichoonekana, maelezo ya heri, maelezo ya shari. Maelezo ya heri yakiwa magumu kuaminika kuliko ya shari, dalili hiyo itupwe. Riwaya ya maneno 80,000 hubeba sita au saba hivi za namna hii. Hadithi fupi ya maneno 5,000 haizidi tatu. Ukizidisha, msomaji anaanza kujiuliza kwa nini mtaa mzima haujaona.

Lugha nayo inafuata kanuni hiyo hiyo. "Jirani alitoka akiwa na begi la kutilia shaka, uso wake umejaa siri." Hapo mwandishi ameshafanya kazi ya msomaji, na ameifanya vibaya. Jaribu hivi: "Alishuka ngazi begi likiwa kwenye mikono yote miwili. Aliporudi alilishika kwa vidole, linapepea." Hakuna neno shaka, hakuna neno siri, lakini uzito umebaki mahali fulani na msomaji anataka kujua ni wapi.

Sasa dirisha. Huwa nashangaa riwaya nzuri inavyoweza kuharibiwa na dirisha lisilowezekana. Chora ramani kwenye karatasi: nyumba mbili, kila dirisha, ghorofa, miti, taa ya barabarani. Weka umbali. Mita 30 kwa macho matupu unaona mtu amekaa, amesimama, ameinua mkono. Midomo husomi, na jina kwenye bahasha usitie hata ndotoni. Darubini inasaidia, ila anayeitumia ameshavuka mstari, na hadithi lazima imdai kwa hilo baadaye.

Usiku kioo kinamtii mwenye giza. Aliye gizani anamwona aliye kwenye mwanga. Aliyewasha taa anaona sura yake mwenyewe kiooni. Mhusika anayechungulia huku taa ya chumba chake inawaka hachungulii, anajionyesha. Tumia kosa hilo kwa makusudi, mara moja tu. Katika Rear Window, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1954, mbwa mdogo anakutwa ameuawa uani, mwenye mbwa anapiga ukelele, na wapangaji wote wanajitokeza madirishani kutazama. Dirisha moja tu linabaki jeusi, na ndani yake nukta nyekundu ya sigara inang'aa na kufifia. Mtu yuko nyumbani, amesikia, hakuja. Hapo pia hakuna ajabu yoyote: kukaa gizani na kuvuta sigara si kosa. Kosa ni kutopatana kwake na walichofanya majirani wote waliotoka.

Sauti nayo ina sheria zake. Ukuta unazuia maneno kuliko unavyozuia mtikisiko. Hatua za miguu, kiti kinachoburutwa, kitu kizito kinachoangushwa, vyote hupita kwenye sakafu na kuta hadi chumba cha pili; mazungumzo hufika kama mvumo usio na silabi. Mhusika anayesikia sentensi kamili kupitia ukutani amedanganywa na mwandishi wake. Mpe tundu la hewa, dirisha lililoachwa wazi, au mfereji wa bafu unaopita vyumba vyote viwili. Afadhali zaidi, mwache asikie mvumo tu na ajaze maneno mwenyewe, halafu maneno aliyoyajaza yawe ndiyo yanayomponza.

Kamera zimewatisha waandishi wengi, wakadhani zimeua aina hii ya hadithi. La. Kamera ina ujinga wake. Ya betri hulala na kuamshwa na mwendo, hivyo sekunde za kwanza mara nyingi hukosekana: unaona mtu akiondoka, huoni alikotokea. Rekodi za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi. Saa yake inaweza kuwa imekosewa tangu siku ya kuiweka. Na ile ya kuona gizani kwa miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ukiitega nyuma ya kioo cha dirisha lako, miali hurudishwa na kioo na picha yote inakuwa doa jeupe. Mhusika anayeamka asubuhi na rekodi ya saa nane nzima za ukungu mweupe ameshindwa kwa sababu ya kweli, na msomaji atamhurumia kuliko yule ambaye simu yake imeisha chaji kwa mara ya nne.

Linakuja swali ambalo kila msomaji huuliza kwa sauti: si ahame? Si aite polisi? Swali la kuhama liulizwe pande zote mbili, na la jirani ndilo zito zaidi. Mwenye siri anafanya nini katikati ya watu? Lazima kuwe na kitu kinachomfunga: kilichozikwa hakihamishiki, au urithi hautatoka mpaka muda fulani upite, au mtu wa ndani hawezi kuonekana njiani. Likikosekana jibu hili, jirani mwovu anabaki pale kwa sababu kitabu kinamhitaji.

Kuhusu polisi, jibu zuri kuliko yote nililowahi kuliona ni la zamani. Katika The Lodger, riwaya ya Marie Belloc Lowndes iliyotoka 1913, mke na mume waliofilisika wanampata mpangaji anayelipa vizuri, na mapema. Mwanamke anaanza kushuku kwamba huyo ndiye muuaji anayetafutwa jiji zima. Polisi yupo pale pale sebuleni: kijana mpelelezi, rafiki wa familia, anakuja kila mara kunywa chai na kuzungumzia kesi hiyo hiyo. Mwanamke hasemi. Akisema, kodi inakwenda na njaa inarudi, na kadiri anavyochelewa ndivyo kunyamaza kwake kunavyogeuka kuwa hatia. Ikilinganishwa na hiyo, afisa mjinga asiyesikiliza ni njia ya mkato. Kama polisi lazima waje mapema, waje wakiwa na akili, waingie kwa jirani, wakute maelezo ya heri yamenyooka, na mhusika awe amewatajia jambo moja la uongo ambalo yeye aliliamini. Siku nyingine akiita, jina lake tayari limeandikwa mahali.

Uongo huo mmoja ni mahali pa kuacha ulevi upumzike. Msimulizi mlevi, au anayemeza vidonge, au aliyefiwa na haaminiki, amechosha. Tangu mafanikio ya riwaya ya The Girl on the Train mwaka 2015 amekuwa kama sare ya kazi. Kosa dogo la mtu timamu linauma zaidi. Ameona sawa lakini ni usiku mwingine. Au amehesabu ghorofa vibaya: yeye anaanza kuhesabu kutoka chini kabisa, mwenye jengo anaanza juu ya hapo, na sasa amemtuhumu mtu wa chumba kisichohusika.

Huyo mtu wa chumba kisichohusika ndiye chambo cha kumpotosha msomaji, na chambo kinahitaji siri yake halisi, ndogo, ya aibu, isiyo jinai. Anatoka kila asubuhi na mkoba wa kazini ilhali kazi aliipoteza zamani. Siri hiyo ifichuke kabla ya robo ya mwisho, mbele za watu, na imgharimu aliyeifichua. Chambo kisichogharimu kitu ni kurasa zilizopotea.

Kuna jambo la nani ajue nini. Hitchcock alimweleza mwongozaji filamu Mfaransa, François Truffaut, katika mazungumzo yao ya 1962: bomu likilipuka chini ya meza bila watazamaji kujua, wanapata sekunde 15 za mshtuko, wakijua lipo na saa inakwenda, mazungumzo yale yale ya kawaida mezani yanawapa dakika 15 za taharuki. Wengi wanainukuu na kuishia hapo. Lakini tazama alivyofanya kwenye Rear Window yenyewe. Karibu filamu nzima tumefungiwa chumbani na mpiga picha aliyevunjika mguu, anayeshuku kwamba jirani amemuua mkewe, tunaona anachoona. Usiku mmoja anasinzia, na sisi peke yetu tunamwona jirani akitoka na mwanamke aliyevaa nyeusi. Tumepewa ziada, na ziada hiyo inamvunja mhusika wetu, kwa sababu inaelekea mke ameondoka salama kwa miguu yake. Tulidhani kujua zaidi kutatuogopesha. Kumetufanya tumtilie shaka rafiki yetu.

Hapo ndipo narudi kwenye taa yangu, maana tatizo lake lililobaki ni hilo hilo. Nikiandika "umeme ulikatika kwa dakika 40" na ukurasa unaofuata nikaandika "taa iliwaka saa 2:10", nimempa msomaji hesabu ya darasa la tatu. Umeme lazima ukatike kwa shughuli nyingine kabisa. Mtazamaji amefungiwa kwenye lifti na mtu asiyempenda, wanagombana gizani kuhusu kelele za ngazini, na anayetaja dakika 40 ni yule mtu, kwa hasira, akidai fidia. Sura nzima ionekane ni ya ugomvi. Saa 1:30 iwe imeshatajwa nyuma sana, mara tatu, kila mara kwa sababu ya kuchosha: taa ya jirani ikiwaka, mtazamaji anajua ni wakati wa kumpa mtoto dawa. Kisha jioni moja mtoto anauliza mbona leo dawa imechelewa. Mama anatazama dirishani, anatazama saa ya ukutani, anadhani ni saa yake iliyoharibika, na anapanda kwenye kiti kuirekebisha.