Umepigwa tochi? Soma karatasi kabla ya kuwasha gari

Ukishuka kutoka Kibiti kuja huku kusini, vijiji vimekaa juu ya lami: Somanga, Nangurukuru, Kiranjeranje, Mchinga. Ukifika Mnazi Mmoja ukakata kwenda Masasi, vinakupokea Mtama, Nyangao na Ndanda. Karibu kila kimoja kina kibao cha 50 pande zote mbili, na mara nyingi tochi, yaani kamera ya askari ya kupima mwendo, iko hapohapo. Wengi wanaoandikiwa faini njia hii wanajua kosa lao. Kinachowaumiza baadaye ni namna walivyolishughulikia: wamelipa kosa ambalo si lao, au hawakulipa kabisa wakidhani limesahaulika, hadi siku gari linaposimamishwa Mikindani na askari anasoma madeni matatu kwenye mashine.

Deni la faini ya barabarani halikai kwenye karatasi anayokupa askari. Linakaa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, na linafuata namba ya gari na namba ya leseni. Karatasi ukiitupa, deni linabaki. Kwa hiyo dakika tano za kwanza, ukiwa bado umesimama pembeni ya barabara na askari yuko mbele yako, ndizo zenye thamani kuliko siku zote zitakazofuata.

Kama kosa ni mwendo, omba picha. Sema kwa adabu tu: "Afande, naomba kuiona picha." Mara nyingi aliyeshika tochi yuko nyuma, na picha imetumwa kwa simu kwa mwenzake aliyekusimamisha. Angalia vitu vinne: namba ya gari inasomeka, mwendo umeandikwa, saa na tarehe ni za leo, na mahali ni ndani ya kibao. Hilo la mwisho lina uzito wake. Kikomo cha 50 kinaanzia kwenye kibao na kuishia kwenye kibao cha kukifuta, si pale nyumba zinapoanza kuonekana wala zinapokwisha. Madereva wengi hukanyaga mafuta wakiona nyumba ya mwisho imepita, huku kibao cha kufuta kiko mita mia mbili mbele. Ukiwa kwenye 80 unakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde kumi tu zinatosha kukupa kosa. Magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, pamoja na mabasi na malori, yana kikomo chao cha 80 hata nje ya vijiji. Hapo kisingizio cha "nilikuwa nimeshatoka kijijini" hakikusaidii.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo halisemwi sana. Ukiweka matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari, kama wanavyofanya wenye gari za kwenda mashambani Newala na Tandahimba, mshale wa mwendo unadanganya. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 10, mshale ukisema 50 wewe uko 55. Washa programu ya ramani kwenye simu sehemu iliyonyooka, linganisha mwendo inaouonyesha na ule wa dashibodi, halafu ujue tofauti yako.

Ukisharidhika kwamba kosa ni lako, soma karatasi kabla haijaingia mfukoni. Anza na namba ya gari, herufi kwa herufi. Askari anaandika kwenye mashine ndogo akiwa juani, na B ikiwa 8 au D ikiwa 0, umeshamwandikia deni mtu wa Tunduru, au yeye kakuandikia wewe. Kisha namba ya leseni. Kisha kosa lenyewe: linalingana na ulichoambiwa? Kisha idadi ya makosa, kwa sababu faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Mwendo pamoja na mkanda ni 60,000, na watu hushtuka wakati wa kulipa kwa kuwa walisikia "faini" moja tu. Pikipiki na bajaji ni 10,000 kwa kosa, tangu mwaka wa fedha 2021/22. Ukiona dosari, sema hapohapo. Kurekebisha ukiwa barabarani ni kazi ya dakika chache. Kurekebisha baadaye ni safari za kituoni.

Halafu piga picha ile karatasi. Ni karatasi inayochapwa kwa joto, maandishi yake hayatokani na wino. Ukiiacha juu ya dashibodi kwa jua la Mtwara, maandishi yanafifia na unabaki na kipande cheupe kisicho na namba ya malipo.

Malipo ni kwa kontroli namba tu, ile namba ya malipo iliyo kwenye karatasi. Ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Kwenye simu ingia sehemu ya malipo ya Serikali, weka namba hiyo, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la taasisi na kiasi kinachotokea. Ukipewa namba ya simu ya mtu, au ukiambiwa uache pesa mkononi "tumalizane", fahamu kwamba hakuna rekodi itakayofungwa. Pesa imetoka na kosa linaweza kuandikwa bado. Lipa ndani ya siku 7. Zikipita, deni la 30,000 linakuwa 37,500. Usifute ujumbe wa malipo.

Na kama kosa si lako? Usilipe kwa hasira ili yaishe. Kulipa ni kukiri, na ukishakiri ni vigumu kurudi nyuma. Mwambie askari kwa utulivu kwamba hukubali kosa, chukua namba yake iliyo kwenye sare, andika saa, na piga picha ya mahali: kibao kipo au hakipo, kimefunikwa na majani, mstari wa katikati umefutika. Mstari uliofutika ni hoja nzuri kwa anayeshtakiwa kupita mwenzake kwenye mstari usiokatika, lakini bila picha ni maneno tu. Nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, yule tunayemwita DTO, siku hiyohiyo au kesho yake. Mtu akifika siku ya 30 na deni limeshapanda, maelezo yake hayasikiki vizuri hata kama ni ya kweli. Ikishindikana, una haki ya kupelekwa mahakamani. Ushauri wangu ni kwamba uende huko ukiwa na ushahidi mkononi, maana mahakama inaweza kutoa adhabu kubwa kuliko ile ya barabarani, na inaweza kugusa leseni yenyewe. Makosa mazito, kama ulevi au uendeshaji wa hatari, hayo huenda mahakamani bila wewe kuchagua.

Makosa madogo ya vifaa ndiyo yanayonisikitisha zaidi, kwa sababu yanazuilika kwa nusu saa nyumbani. Taa ya breki moja imekufa. Mtungi wa kuzimia moto mshale umeshuka kwenye nyekundu. Pembetatu iko moja badala ya mbili. Bima imeisha juzi. Bima iangalie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kabla ya safari, maana askari naye ataangalia hukohuko. Msimu wa korosho, magari yanapojazana njia ya Masasi kuanzia Oktoba, ukaguzi nao unakuwa mwingi.

Baada ya kulipa, hakikisha. Ingia tms.tpf.go.tz, tafuta kwa namba ya gari, kisha kwa leseni. Deni likiendelea kuonekana kesho yake, nenda kituoni na ujumbe wa malipo na ile picha ya karatasi. Mwenye gari anayemwachia dereva afanye hivyo kila wiki, kwa sababu dereva akiacha kazi madeni yanabaki kwenye namba ya gari lako. Na ukinunua gari la mkononi, liwe la Lindi mjini au la Dar, tafuta namba hiyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika gari. Kukiwa na deni, muuzaji alilipe mbele yako, kisha mtafute tena pamoja mpaka lisionekane.