Kipima mionzi changu kilikuwa kinajisikia chenyewe

Kwenye yadi yetu ya vyuma chakavu hapa Mombasa, mimi ndiye mwenye kile kidude cha kusaka vyuma vyenye mionzi. Tulikinunua mkononi kwa mtu, bei ya kuumiza. Ndani kina kioo cha iodaidi ya sodiamu, kinachometa kikiguswa na mionzi, na karibu yake chembe ya sesiamu-137, kitu chenye mionzi, iliyofungiwa kiwandani. Jua la huku likikichoma, vipimo vya nishati huhama. Basi hujipanga upya kwa kutazama kilele cha sesiamu, yaani nishati yake isiyobadilika, kiloelektronivolti 662.

Tatizo ni kwamba kilisoma mapigo 150 kwa sekunde, pigo moja kwa kila mwali unaonaswa, hata juu ya meza ya chai. Ghafla kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akaniambia nikifungue niitoe ile chembe (usithubutu). Mwingine, mwenye cheti ukutani, akanihakikishia kuwa programu inaitoa kwenye hesabu, kwa hiyo sipotezi kitu. Huyu ndiye aliyenilia mwezi mzima.

Kwanza nikajifanya mjanja. Nikanunua chubwi za wavuvi, madini ya risasi tupu, kilo nne hivi, nikazifunga kuzunguka kifaa kama kanga ya mama mjamzito. Mapigo yakashuka! Nikatamba mbele ya vijana mpaka mchana, ndipo nikang'amua kwamba nilichoziba ni masikio. Cha nje hakiingii tena, na chembe iko ndani na kioo, inapiga vilevile.

Chubwi ndizo zilizonipa wazo la baharini. Mionzi ya kawaida hutoka ardhini na kwenye kuta. Maji ya kina huizuia. Nikapanda mashua ya mzee mmoja tukatoka nje ya mwamba. "Mwanangu, hicho chatafuta samaki?" Nikamwambia, "La, mzee, chajitafuta chenyewe." Alicheka mpaka akaacha usukani. Huko mapigo yakasimama karibu 90. Ukiacha machache ya kutoka angani, hayo yote ni ya kwake mwenyewe. Nauli sikumbuki, ila na samaki nilirudi nao.

Sasa lile suala la cheti. Programu huondoa wastani wa mapigo ya chembe, haiondoi mtikisiko, yaani kule kupanda na kushuka kwa mapigo kwa bahati tu, na mtikisiko hufuata kipeuo cha pili cha mapigo. Toa 90 ya chembe kwenye 150, inabaki 60 ya nchi kavu, na mtikisiko wake ni kama 8. Kwenye 150 ni kama 12. Ukitaka kengele ilie kwa mara tatu ya mtikisiko, lazima chuma kikuongezee mapigo 37 badala ya 23. Chenye 30 kinapita mlangoni kinakupungia mkono.

Na cha kuchekesha zaidi, adui mkubwa wa chuma chakavu ni sesiamu-137 hiyohiyo. Mwaka 1998 iliyeyushwa pamoja na chuma huko Los Barrios, Hispania. Kifaa changu kinapuuza kidogo sauti ileile ninayoisaka.

Dawa niliyoipata ni mkono wa kobe, kupima polepole. Kwa sekunde kumi unakusanya 1,500, mtikisiko 39, kengele inataka 116, na kile chuma cha 30 kimeshaleta 300. Vijana walininung'unikia kwamba nawachelewesha malori. Wiki ya tatu kengele ikalia kwa sababu ya saa ya meli ya zamani, uso umepakwa radiamu yenye mionzi, imelala chini ya mabati. Nikaizungushia kamba na kupiga simu kwa wahusika. Tajiri akauliza kama inauzika.