Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana kwenye rada ya mvua

Saa 12 asubuhi. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku anaaga: "Manyunyu tu, hakuna jipya." Natoka nje kumwaga maji ya kipimamvua na kufuta vioo vya disdrometa, chombo cha leza kinachopima ukubwa na kasi ya kila tone linalokatiza mwale wake.

Saa 3. Ripoti na barua pepe. Tuziruke.

Saa 7 mchana. Wingu la radi limeiva, skrini inasoma desibeli 40, yaani kipimo cha nguvu ya mwangwi wa rada. Simu inalia, watu wa tahadhari ya mafuriko wanataka milimita. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Rada haipimi maji, inapokea mwangwi, na mwangwi wa tone hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake. Tone moja la milimita 2 hurudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 1, ilhali maji yake ni ya matone 8 tu.

Kwa hiyo najaribu milinganyo miwili ya kugeuza mwangwi kuwa milimita za mvua. Ule wa watafiti Marshall na Palmer wa 1948 unatoa takriban milimita 12 kwa saa. Ule wa mvua za kitropiki, unaochukulia kwamba matone ni madogo na mengi, unatoa karibu 22. Wingu ni lile lile. Nawaambia wajiandae kwa kubwa, nitawapigia tena.

Saa 8. Dhoruba imetufikia. Kwanza matone machache ya milimita 4 na zaidi, kwa sababu manene huanguka haraka na kutangulia. Hapo rada hutia chumvi. Dakika chache baadaye disdrometa inajaa matone ya milimita 1 hivi, na desibeli zimebaki pale pale. Naangalia pia tofauti ya mwangwi wa mawimbi ya mlalo na ya wima: matone manene hubonyea yakawa mapana, hivyo tofauti huongezeka. Sasa imeshuka. Napiga simu: "Shikeni ile ya 22."

Saa 11 jioni. Kipimamvua nacho kinaelekea huko huko, ingawa hicho ni mdomo wa ndoo moja tu.

Saa 12. Namkabidhi mwenzangu mlinganyo wa kitropiki, kwa sharti moja: akiona dalili za mvua ya mawe asiuamini, maana mawe yaliyoanza kuyeyuka hupandisha desibeli ajabu.