Goti Langu na Mteremko wa Kibosho

Wasiokaa milimani hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Muulize mtu wa Kibosho, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwenye goti bovu, atakwambia adui ni kushuka. Ukipanda unahema tu. Ukishuka, uzito wote wa mwili unatua gotini kila hatua, na kama ni Aprili, masika yamekolea na njia ni utelezi mtupu, unajizuia na goti hilohilo usije ukaserereka hadi mtoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina wajukuu, naishi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na Moshi mjini nashuka kufuata mahitaji na mambo ya benki. Goti la kulia lilianza kunisumbua nikiwa bado nafundisha: kutwa nimesimama ubaoni, jioni nakata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani. Mwanzo lilikuwa linakaza asubuhi tu, nikitembeatembea kidogo linalegea. Baadaye likaanza kulia kila nikiinuka, krr, krr, kama bawaba iliyoingia mchanga.

Ukiumwa goti huku kwetu, kila mtu ni daktari. Dada yangu alisema mafuta ya goti yamekauka, ninywe supu ya kongoro. Jirani akasema bamia, ninywe ute wake asubuhi kabla sijala kitu. Mangi wa dukani akanitolea dawa ya kuchua yenye harufu ya kufukuza nyuki. Supu ya kongoro ni tamu na sitaiacha, lakini gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa gotini, ikishasagika hairudishwi na supu. Kuchua nako kunatuliza kwa muda, kwa sababu ya lile joto. Ndiyo maana Julai, mlima ukijifunika ukungu wiki nzima, nachovya taulo kwenye maji ya moto, nalikamua, nalizungushia gotini kabla sijaanza kazi yoyote. Likiwa limevimba nafanya kinyume: naweka kitu cha baridi na kuinua mguu.

Vidonge ni habari nyingine. Diklofenaki inatuliza kweli, na unaweza kuipata bila hata kuulizwa unaumwa nini. Lakini mimi nina presha, na dawa za kundi lile hupandisha presha, huweza kuleta vidonda vya tumbo, na zikitumiwa mfululizo huumiza figo. Daktari akanipa ya jeli, ya kupaka palepale panapouma, kwa sababu inayoingia kwenye damu ni kidogo. Siku mbaya nameza parasetamoli, na najua mpaka wake: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mimi hata huko sifiki. Zile dawa za chupa zisizo na maandishi, zinazodaiwa kumponya mtu kwa usiku mmoja, sizigusi kabisa. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, ambayo hufunika maumivu huku ikipandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Kilichonibadilishia maisha hakikuwa dawa. Alikuwa daktari wa mazoezi, kijana ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la tatu. Aliniamkia, akaitazama picha ya eksirei kidogo tu, kisha akaniambia nivute gauni nimwoneshe paja.

"Mama, unaona hili la kulia lilivyosinyaa? Msuli wa paja ndio unaobeba goti. Umelala, ndiyo maana mifupa inabeba peke yake."

Nikamwambia kwamba kwenye picha mifupa imekaribiana sana, nikadhani ndiyo basi tena. Akasema wapo wenye picha mbaya kuliko yangu wanaolima, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku kwa maumivu. Nilitoka pale na zoezi, si na hukumu.

Zoezi lenyewe ni hili. Unakaa kwenye kiti cha kawaida, mgongo umenyooka. Unanyoosha mguu mbele mpaka goti linyooke kabisa, vidole vya mguu ukivivuta kuelekea kwako. Hapo paja linakaza, ukilibonyeza kwa kidole ni gumu. Unahesabu mpaka 10 taratibu, unashusha polepole bila kuuachia udondoke. Mara 10 kila mguu, na ule mzima usiuonee huruma. La pili ni kusimama na kukaa kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Mwanzoni nilishika meza. Linauma kidogo ukifanya, na hilo ndilo linalowakimbiza wengi. Kipimo alichonipa ni kwamba maumivu yakiwa yametulia kufikia kesho yake, endelea, na kama yamezidi, punguza. Mimi nafanya nikisubiri maharage yaive. Ilichukua muda, na nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa nilipogundua kwamba nimepanda Hiace bila kumwomba konda mkono.

Bakora niliikataa mwanzoni, watu wasije wakasema mwalimu amezeeka. Acha waseme. Wengi huishika upande unaouma, na haitakiwi hivyo: inashikwa mkono wa upande ule mzima, inatangulia pamoja na mguu mbovu. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza unaouma. Na mteremkoni nashuka kwa mshazari, sishuki wima.

Nyumbani nilipiga vita kila kitu kifupi. Kigoda cha jikoni nilimpa mjukuu, nikapandisha jiko juu ya meza ya matofali. Kitanda kikawekewa vipande vya mbao chini ya miguu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na hapo ndipo palipokuwa na mateso ambayo watu wanaona aibu kuyasema. Seremala akanitengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinawekwa na kuondolewa. Katika vyote nilivyogharamia, hakuna kilichonirudishia fedha yangu kama kiti kile. Kanisani sipigi magoti tena, nakaa kwenye benchi na kuinamisha kichwa. Mungu ananielewa, ingawa kuna mama mmoja wa jumuiya yetu bado hajanielewa.

Uzito nao nilikuwa nao. Kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua, na kwa mtu wa milima hatua ni nyingi. Sikuacha mtori. Niliacha sukari ya chai na maandazi ya saa nne, basi.

Majani ya ng'ombe sasa analeta kijana, namlipa. Bado nalima bustani yangu ya mboga, nusu saa, nakaa, nusu saa tena. Siku goti likiwa jema ndiyo siku ya hatari, maana unataka kumaliza kazi zote za wiki. Kazi ya Desemba ndiyo ngumu kuliko zote, ukoo mzima unarudi kula Krismasi na kila mmoja anataka kiburu cha bibi. Nawamenyea ndizi nikiwa nimekaa, mguu juu ya kiti cha pili. Kuinua sufuria na kushuka mfereji kufuata maji ni kazi ya wakamwana na vijana waliotoka Dar es Salaam, na wakinuna nawaonesha bakora.

Jambo moja sijadili na mtu: goti likivimba ghafla, likawa na moto na mwili una homa, hapo si pa kuchua wala kukanda. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.