Langoni mpaka Shela kwa miguu

Basi la Mombasa lilitushusha Mokowe viuno vimekufa, maana njiani ni vizuizi tu, shuka toa kitambulisho panda tena, halafu boti kidogo ushafika Lamu. Mi sikufuata picha za punda jamani, hizo ziko kibao mtandaoni, nilitaka nizunguke mitaa nione nani anakaa wapi siku hizi.

Nikaanzia Langoni, mtaa wa kusini mwa ngome ya Lamu. Zamani huku ndo kwa wakuja, Wahadhrami wa maduka (Waarabu wa Yemen), Wangazija wa visiwa vya Komoro, Wabajuni wa pwani ya kaskazini, nyumba za makuti kwa wingi, na waungwana wa Mkomani, mtaa wa kaskazini, kwenye majumba ya mawe walikuwa hawawaozi binti zao ng'o. Habib Swaleh mwenyewe, yule shehe wa msikiti wa Riyadha, alitoka Ngazija karne ya 19, akasomesha mpaka watoto wa watumwa, leo Maulidi ya Riyadha ndo Lamu yenyewe, nani atamwita mgeni? Miaka ya 60 vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya, navyo vikawaleta Wabajuni wengine kutoka vijiji vya upande wa Kiunga.

Sasa panda Mkomani. Milango ya nakshi imepakwa mafuta inang'aa, ila bisha hodi uone, anatoka kijana mlinzi anakwambia mwenyewe yuko Ulaya, mpaka Desemba. Mzee mmoja barazani akanipa siri yake: "Mwanangu, nyumba ni ya mirathi, warithi tumejaa, huyu yuko Mombasa yule Jeddah, kila mtu ataka fungu lake." Boriti zaoza, kurekebisha ni chokaa na fundi anayejua kazi, si simenti tu maana mji ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo akija Mzungu na pesa taslimu wanagawana yaishe.

Shela, kijiji cha jirani, ndo imezidi, ufukweni ni hoteli na majumba ya Wazungu, wenyeji wengi wamesogea nyuma.

Watu wanalia eti wageni wametujaa, mi sioni kama tatizo ni ugeni. Wale wa Langoni walioa hapa, wakazaa, wakazikwa hapa. Hawa wa sasa wananunua halafu hawakai, na mtaa usiokaliwa msikiti wake unajazwa na nani?

Nilimuuliza yule mzee kama na yeye atauza. Akacheka, akasema yeye hataki, ila dada zake washaanza kumpigia simu.