Homa ya usiku mtoto akiwa kwenye kemo, sisi tulivyoimudu

Mwanangu ana saratani ya damu na tunatibiwa hospitali ya Muhimbili kwa kemo, yaani dawa za saratani, tunazipata bure kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, Mungu awazidishie. Toka mwanzo daktari hakunisisitizia nywele kunyonyoka wala kutapika, alinisisitizia homa. Akaniambia mama, hizi dawa zinaua seli za saratani ila zinashusha na seli nyeupe za kupigana na vijidudu, mara nyingi zinakua chini kabisa kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dozi, na zile muhimu, zinaitwa neutrofili, zikishuka chini ya 500 kwenye kipimo cha damu mtoto anaweza kua na maambukizi kwenye damu na usione usaha wala kikohozi, unaona joto tu. Ikifika 38 njoo muda huohuo.

Sasa sisi tumepanga Mbagala, uani familia kibao choo kimoja, utamtenga vipi mtoto? Nikawaita wapangaji wenzangu nikawaeleza ukweli, jamani mtoto wa mtu akipata tetekuwanga au surua naomba niambiwe mapema, sina ugomvi na mtu, kwa mwanangu hayo ni magonjwa ya kuua. Walinielewa kwakweli, mpaka ndoo ya kunawia na sabuni tukaweka karibu na choo. Maji nachemsha, kachumbari na kiporo hapana, matunda namenya mwenyewe, na septrini anakunywa kama alivyoandikiwa maana inamkinga na aina moja ya nimonia.

Siku yenyewe ilikua saa saba usiku, mvua inanyesha, nimempima kwapani nakuta 38.4. Mtoto kanyamaza tu kanishika kanga, miguu ya baridi kichwa cha moto. Dada wa chumba cha jirani akasema mpe panadoli na mseto, malaria hiyo, mtaenda asubuhi. Nikamwambia dada yangu asante ila panadoli itashusha joto tu, vijidudu vitabaki vinakula mwili humohumo. Begi lilikua tayari nyuma ya mlango, kadi, majibu ya damu ya mwisho, nguo, na kijana wa bajaji tulishaongea nae akakubali kuamshwa saa yoyote.

Mapokezi sikukaa foleni, nikaenda moja kwa moja, sista shikamoo, mtoto yuko kwenye kemo ana homa. Akauliza mama umempa dawa yoyote? Nikasema hapana. Wakatoa damu ya kuotesha kuona kama ina vijidudu, na ya kupima malaria, na antibayotiki ya mshipa ikaanza ndani ya lisaa hata majibu hayajatoka, na malaria haikuwepo. Tulilazwa mpaka homa ikakata na seli zikaanza kupanda.

We ambae mwanao ndo anaanza, muulize daktari wako leo mchana, usiku naingilia mlango gani na nampigia nani.