Dhambi Inakuotea Mlangoni

Somo la wiki hii ni Mwanzo 4:1–16. Ukifika mstari wa 7, simama kwanza. Wengi huukimbilia mstari wa 8, penye damu, Kaini anapomwua nduguye Habili, wakasahau kwamba Mungu alisema na Kaini kabla hajainua mkono: "dhambi iko, inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe, walakini yapasa uishinde."

Mstari huo wa 7 ndio uti wa mgongo wa East of Eden, riwaya ya John Steinbeck iliyotoka mwaka 1952, kuhusu ukoo wa Trask waliohamia bonde la Salinas, California. Yote yanazunguka neno moja la Kiebrania lililo mwishoni mwa mstari huo, timshel (wajuzi husema matamshi sahihi ni timshol). Kitenzi hicho chaweza kusomwa kwa njia tatu: utaishinda, yapasa uishinde, waweza kuishinda. Biblia yetu ya Union Version imechukua ya pili. Lee, mtumishi Mchina wa akina Trask, anaishikilia ya tatu, baada ya wazee wanne wa ukoo wake kujifunza Kiebrania miaka miwili kwa ajili ya kitenzi hicho tu.

"Utaishinda" ni ahadi, na aketiye huweza kuingoja. "Yapasa" ni amri. "Waweza" inamwacha mtu peke yake na mlango wake, na hapo ndipo penye ugumu.

Mtazame Cal, kijana wa ukoo huo wa Trask. Baba yake, Adam, amepata hasara katika biashara ya saladi iliyosafirishwa kwa barafu. Kijana anafanya biashara ya maharage wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, anapata dola 15,000, anamkabidhi baba mezani Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani. Adam anakataa: ni faida ya vita. Usiku uleule Cal anampeleka nduguye Aron akamwone mama yao, mwenye danguro, ambaye Aron aliambiwa amekufa. Aron anakimbilia jeshini na kufia vitani. Cal anazichoma zile noti, moja baada ya nyingine.

Angalia nafasi iliyopo kati ya kukataliwa na kulipiza: saa chache tu. Mstari wa 7 unakaa humo.

Riwaya ina upungufu mmoja kwa msomaji aaminiye: huo uwezo haielezi watoka wapi. Paulo anakiri, "kutaka nataka, bali kutenda lililo jema sipati" (Warumi 7:18). Basi mkikutana, someni Warumi 7:14–25 baada ya Mwanzo 4, kisha kila mmoja aseme angetafsiri vipi: utaishinda, yapasa, au waweza.